Kunakili picha ya Copley ya mvulana na kindi, kutoka kanvasi tupu hadi vanishi

Kinachowashinda wengi wanaonakili picha hii ya John Singleton Copley, mchoraji wa Boston wa karne ya 18, ni kingo. Rangi zake zinapatikana, na sura inapatikana kwa kupima. Lakini mpaka kati ya uso wa mvulana na kile kilicho nyuma yake ni mkali kama umekatwa kwa wembe, na mkono uliozoea kulainisha kila kitu kwa brashi kavu huufuta bila kujua. Kazi ikiisha, unabaki na mvulana mzuri, laini, ambaye si wa Copley hata kidogo.

Picha ilichorwa Boston mwaka 1765. Aliyeketi mezani ni Henry Pelham, kijana wa miaka kama 16, mdogo wake mchoraji kwa mama. Ameonekana kwa upande, amevaa koti jeusi-bluu lenye kola ya satini ya waridi na kizibao cha njano hafifu, na nyuma kuna pazia jekundu. Mkononi ana mkufu wa dhahabu uliofungwa kindi mdogo, wa aina ile ya Amerika inayoruka kutoka mti hadi mti kwa ngozi ya ubavuni. Mbele yake kuna meza ya mahogani iliyosuguliwa ikang'aa, na juu yake bilauri ya maji. Hayo yote ni mavazi na vyombo vya watoto wa matajiri wa makoloni ya Uingereza huko Amerika. Miaka sita baadaye, 1771, Copley alimchora huko New York Daniel Crommelin Verplanck, mtoto wa miaka tisa wa ukoo wenye mali, naye pia akampa kindi kwenye mkufu wa dhahabu. Na tusisahau mbao za meza kama hizo zilitoka wapi: mahogani ya karne ile ilikatwa Karibi kwa mikono ya Waafrika waliofanywa watumwa. Unapoichora meza kwa saa kumi na mbili, jambo hilo linafaa kuwa kichwani.

Copley alikuwa hajawahi kufika Ulaya. Alijifunza kwa kutazama picha zilizochapwa kwa sahani za shaba, kazi aliyoifanya baba yake wa kambo Peter Pelham hadi alipofariki mwaka 1751. Njia yake kubwa ya kuzijua picha za Ulaya ilikuwa hiyo: nyeusi na nyeupe, bila rangi. Ndiyo maana picha zake zinasimama kwa mwanga na giza kwanza. Picha ya mdogo wake alipoituma London ikaonyeshwa mwaka 1766, Joshua Reynolds, mchoraji mashuhuri wa Uingereza, aliisifu, kisha akataja ugumu kidogo katika uchoraji, ubaridi katika vivuli, na kushughulikia vitu vidogo kupita kiasi. Benjamin West, mchoraji Mmarekani mwenzake aliyekuwa huko, aliona mistari imezidi. Anayenakili asijaribu kumsahihisha Copley kwa niaba ya Reynolds. Ugumu ule, ubaridi ule na mistari ile ndivyo vitu unavyonakili.

Kipimo na karatasi ya kuigia

Picha ya asili iko Museum of Fine Arts, Boston, na ina sentimita 77.15 kwa 63.82. Hiyo ni karibu sawa na inchi 30 kwa 25, saizi iliyouzwa tayari London wakati ule kwa picha za kichwa na mabega. Usiifanye nakala yako iwe ya saizi hiyohiyo. Nakala yenye saizi tofauti haiwezi kupitishwa kama kitu cha asili hata ikiangukia mikono mibaya miaka hamsini baadaye. Robo tatu inafaa sana: sentimita 58 kwenda juu na 48 kwa upana.

Pakua picha kubwa kutoka tovuti ya makumbusho yenyewe. Zile zinazozunguka mitandaoni mara nyingi zimeongezwa wekundu, na ukiziamini utachora uso wa mtu mwenye homa. Chapisha kwenye karatasi ya A3 ukiipa picha sentimita 29 kwa 24, yaani nusu kamili ya kanvasi yako. Piga mistari ya miraba ya sentimita 2 kwenye karatasi, na ya sentimita 4 kwenye kanvasi. Utapata miraba 12 kwa upana na 14 na nusu kwenda juu. Chapisha nakala ya pili isiyo na mistari, na ya tatu bila rangi. Ile yenye rangi ifunike kwa plastiki angavu, kwa sababu utaigusisha rangi mbichi mara nyingi sana.

Fremu, kitambaa na msingi

Mbao ya inchi 2 kwa 1 inatosha, iwe imekauka na imenyooka. Mvule ni mzito bila sababu. Saipresi au msonobari unafaa. Mwambie fundi aipige randa iwe na mteremko, ukingo wa nje uwe juu kuliko wa ndani kwa milimita 4 au 5. Asipofanya hivyo kanvasi italalia ukingo wa ndani, na baada ya mwaka utaona mstari ulionyooka ukijichora kwenye rangi pande zote nne. Kabla ya gundi ya pembe kukauka, pima kutoka kona hadi kona. Vipimo vyote viwili viwe sentimita 75.3. Vikitofautiana hata kwa milimita 5, fremu imekaa upogo na miraba yako haitakubaliana.

Kitambaa bora ni kitani. Kikikosekana, chukua pamba nzito ya kanvasi, gramu 340 hadi 400 kwa mita ya mraba. Merikani, ile pamba iliyopata jina lake kwa kuletwa Zanzibar na meli za Salem, bandari iliyo jirani na Boston, ni nyepesi mno. Ukiivuta kwa nguvu nyuzi zinaachana. Inafaa kwa zoezi la kichwa peke yake ukiigundisha juu ya ubao. Kata kitambaa sentimita 70 kwa 60. Anza kupiga pini katikati ya kila upande, moja huku na nyingine upande wa pili, kisha endelea kuelekea pembeni kila sentimita 5. Anayeanza pembeni hupata mikunjo katikati ambayo haiondoki.

Wazee wa kazi hii walipaka kwanza gundi ya ngozi. Pwani yetu isiwe chaguo lako: gundi hiyo hunyonya unyevu, huvimba na kunywea kila msimu, na ukungu huipenda. Paka jeso ya akriliki, ile rangi nyeupe ya msingi, mara nne, kila tabaka kwa mwelekeo unaokatana na lililotangulia, ukipitisha msasa namba 320 katikati. Rangi ya maji ya ukutani haifai badala yake, hata ile ya bei ghali. Ina chaki nyingi, hufyonza mafuta yote ya rangi yako na kuiacha ikiwa unga. Kwenye tabaka la mwisho changanya akriliki ya amba mbichi, rangi ya udongo ya kahawia, na tone la nyeusi upate kijivu chenye joto, giza kidogo kuliko majivu. Kanvasi nyingi zilizofika makoloni zikitoka Uingereza zilikuwa tayari na msingi wa kijivu au rangi ya ngozi ya ng'ombe, na msingi wa namna hiyo unakupa kipimo cha kati tangu dakika ya kwanza. Acha siku tatu kabla ya mafuta kugusa.

Rangi za kununua

Copley alitumia nyeupe ya risasi, vermilioni yenye zebaki, rangi nyekundu za uwazi zilizotokana na mimea au wadudu, oka, amba, bluu ya Prussia na nyeusi ya mifupa. Mbili za kwanza ni sumu na huna haja nazo. Weka badala yake nyeupe ya titani na kadmiamu nyekundu hafifu. Nyeupe ya zinki iache dukani, kwani huwa ngumu na kupasuka. Zaidi ya hapo nunua oka ya njano, siena iliyochomwa, amba mbichi, amba iliyochomwa, nyeusi ya mifupa, bluu ya Prussia, na nyekundu moja ya uwazi. Kwa hiyo ya mwisho epuka alizarini ya kawaida, inayopauka ikipigwa na mwanga kama zilivyopauka nyekundu nyingi za karne ya 18, chukua kwinakridoni. Tyubu za mililita 37 zinatosha, isipokuwa nyeupe, ambayo utahitaji 120 au zaidi.

Mafuta yawe ya kitani yaliyosafishwa kwa wachoraji. Yale yaliyochemshwa ya duka la vifaa vya ujenzi yametiwa dawa ya kukausha haraka, na hugeuka kahawia. Brashi za nywele ngumu namba 4, 6 na 8, za nywele laini bapa namba 6, na za duara namba 0, 1 na 3. Brashi ya feni usiinunue.

Kabla ya kufungua tyubu, tafuta bati lenye mfuniko, litie maji nusu. Matambara yenye mafuta ya kitani hujipasha joto yenyewe yanapokauka, na yakirundikwa pembeni hushika moto bila kiberiti. Kila jioni yanaingia kwenye bati hilo.

Mchoro

Hamisha mraba kwa mraba kwa mkaa, mistari ya nje tu. Usianze na jicho. Anza na mstari mmoja unaotoka juu ya paji, unashuka puani, midomoni, kidevuni hadi kolani, kwa sababu mstari huo ndio picha. Pima umbali kutoka ncha ya pua hadi tundu la sikio, ulinganishe na umbali kutoka nyusi hadi kidevu. Hapo ndipo wengi hukosea: sikio husogezwa mbele mno na fuvu hukatwa nyuma, na kijana anageuka kinyago. Ukitazama uso wa upande, kichwa kina kina kirefu kuliko macho yanavyokubali.

Ukiwa unachora mtoto mdogo zaidi kwa njia hii, kwa mfano Daniel Verplanck wa miaka tisa, kosa hugeuka. Hapo mstari wa macho unashuka chini ya nusu ya kichwa, pua inafupika, shavu linajaa mpaka karibu na pembe ya mdomo. Ukimpa vipimo vya mtu mzima, unapata mzee mfupi.

Tazama mchoro kwenye kioo. Kosa lililojificha kwa saa mbili linaonekana kwa sekunde mbili. Ukiridhika, pitia mistari kwa amba mbichi iliyoyeyushwa kwa tapentaini, brashi namba 1, kisha kung'uta mkaa wote kwa kitambaa kikavu. Mkaa ukibaki unachafua rangi ya ngozi ikawa kijivu.

Tabaka mfu

Wachoraji wa zama hizo waliita tabaka la kwanza rangi mfu, na jina linajieleza: halina uhai wa rangi, lina mwanga na giza tu. Changanya amba mbichi na nyeupe upate ngazi sita, kutoka giza la koti hadi weupe wa marinda ya shati. Tumia tapentaini peke yake, bila mafuta. Nyeusi isiingie hapa kabisa: hubeba mafuta mengi na hukauka polepole, ilhali amba ina manganizi inayoiharakisha.

Weka karatasi isiyo na rangi pembeni na ukunje macho. Picha nzima inagawanyika pande mbili, mwanga na giza, na sehemu za katikati ni chache kuliko unavyodhani. Uso, kola, marinda na mkono vinakaa upande wa mwanga. Koti na sehemu kubwa ya nyuma vinakaa gizani. Saa tano au sita zinatosha kwa tabaka hili. Likikaa vizuri, mtu aliyesimama mita nne atajua ni picha ipi. Likikaa vibaya, hakuna rangi itakayoliokoa, basi lifute kwa kitambaa chenye tapentaini uanze upya jioni hiyohiyo.

Acha likauke siku tatu. Mombasa au Tanga wakati wa masika, acha juma zima. Mafuta hayakauki kama maji. Yanashika hewa na kuganda, na unyevu unayachelewesha. Kwa sababu hiyo kila tabaka la juu liwe na mafuta zaidi ya la chini. Tabaka la pili: tapentaini sehemu 3, mafuta sehemu 1. La tatu: nusu kwa nusu, nayo kwa matone. Ukigeuza utaratibu huu, la chini litaendelea kujongea wakati la juu limeshakuwa gumu, na nyufa zitafuata.

Nyuma na koti kabla ya uso

Anza na pazia. Uso uliochorwa juu ya kijivu kitupu unaonekana mwekundu na wenye giza, kisha ukiweka pazia jekundu nyuma yake unageuka ghafla kuwa kama chokaa. Pazia likiwapo tayari, jicho linapima ngozi kwa haki. Kwenye mwanga wa pazia weka kadmiamu na siena iliyochomwa, kwenye vivuli kwinakridoni na amba iliyochomwa. Liwe hafifu kidogo kuliko picha, kwa sababu likikauka utalipitishia tabaka jembamba la kwinakridoni yenye mafuta, linalopitisha mwanga kama kioo cha rangi. Kina kile cha wekundu hakipatikani kwa kuchanganya paletini.

Koti ni bluu ya Prussia, nyeusi ya mifupa na amba iliyochomwa. Bluu hiyo ina nguvu ya kutisha: kiasi cha kichwa cha kiberiti kinageuza rundo la ukubwa wa yai. Ongeza kwa ncha ya kisu. Baada ya siku chache koti litapauka na kupoteza mng'ao kwa madoa, na utaogopa kwamba umeharibu. Ni mafuta yamezama tu. Likikauka, pangusa hapo kwa tone la mafuta ya kitani, kisha ufute karibu yote kwa kitambaa kisichotoa nyuzi, na giza litarudi.

Uso

Inasimuliwa kwamba Copley alichanganya rangi kwa kisu, akakisogeza kisu karibu na uso wa aliyeketi mbele yake, akalinganisha, akarudi kuchanganya, kipande kwa kipande, na wateja walichoka kukaa. Fanya vivyo hivyo na karatasi yako iliyofunikwa plastiki. Gusa plastiki kwa rangi iliyo kwenye kisu. Doa likitoweka ndani ya picha, umepata. Likionekana, tazama kwanza kama ni jepesi au zito kwa mwanga, ndipo uulize kama ni jekundu au njano.

Kwa kuanzia, mwanga wa ngozi ni titani sehemu 8, oka 1, kadmiamu robo. Ngozi ya kati ni mchanganyiko huo na siena nusu sehemu. Shavu, sikio na ncha ya pua vinaongezewa kadmiamu kidogo. Vivuli ndipo ubaridi aliousema Reynolds ulipo: titani, oka na nyeusi ya mifupa, vinavyotoa kijivu chenye ukijani wa mbali. Mikono yetu inataka kuvipa vivuli joto la siena. Jizuie. Joto liweke mahali pawili tu, chini ya taya na ndani ya sikio.

Paka vipande vya rangi kando kwa kando kama vigae, bila kuvichanganya, mpaka uso wote umefunikwa. Inachukua saa mbili au tatu. Kisha rudi nyuma mita tatu utazame. Mipaka mingi kati ya vigae itakuwa imeshajilainisha yenyewe kwa umbali. Ile inayokusumbua bado, pitishia brashi laini kavu mara moja, kwa mwelekeo unaokatana na mpaka, ufute brashi, uache.

Sasa mstari wa uso. Rangi ya nyuma iwe imekauka. Chukua brashi ya duara namba 3 iliyojaa rangi ya ngozi, tegemeza kifundo cha mkono kwenye fimbo, na uishushe kutoka paji hadi ncha ya pua kwa pumzi moja. Ukisimama katikati kutakuwa na fundo. Ukitoka nje ya mstari, usifute kwa kidole; subiri likauke, urudishe rangi ya nyuma kuja kukata ngozi. Mara nyingi ukingo mzuri ni ule uliokatwa kutoka pande zote mbili. Mahali pa kulainisha ni nywele zinapokutana na giza la nyuma, na kivuli cha shingo kinapoingia kolani. Zikiwa kingo mbili tatu laini, zile kali zinazidi kusema.

Kola, bilauri, meza

Kola ya satini itazame kwa karibu sana. Kila mkunjo una rangi tatu: giza la kwinakridoni na amba, waridi la kati, na mwanga ulio karibu mweupe. Kati ya waridi na mwanga hakuna mteremko. Moja inaisha, nyingine inaanza. Hiyo ndiyo tofauti ya satini na sufu. Weka giza, weka waridi, kisha mwanga kwa mpigo mmoja mnene wa brashi bapa, usiurudie. Mkunjo uliopigwa mipigo zaidi ya mitano umeshakuwa flana. Marinda ya shati nayo yanaanza kama kijivu. Nyeupe tupu inaingia mwisho, kwenye ncha za mikunjo, kidogo kama chumvi.

Bilauri usiichore. Chora kilicho nyuma yake na chini yake, jinsi kinavyoonekana kupitia maji, ukiacha mahali pake pawe giza kidogo. Ikikauka, weka duara bapa la mdomo wa bilauri na la uso wa maji. La maji liwe limefunguka zaidi kuliko la mdomo, yaani lisiwe bapa sana, kwa kuwa liko chini zaidi ya macho. Halafu madoa mawili matatu ya nyeupe nene, basi. Kila doa la ziada linaifanya iwe bati.

Meza iliyosuguliwa ni kioo chenye rangi. Taswira ya kitu ndani yake inashuka wima chini ya kitu hicho, haifuati mwanga wa chumba. Vitu vyeupe vinarudi vikiwa na giza na joto la mbao; vitu vya giza vinarudi vikiwa vyepesi kidogo. Pakia kwanza siena na amba iliyochomwa, ingiza taswira hizo ndani ya rangi mbichi, zivute mara moja kwenda chini kwa brashi bapa, halafu mara moja kwa upande. Ikikauka, pitisha tabaka jembamba la siena yenye mafuta. Ukingo wa mbele wa meza unapokea mstari mmoja wa mwanga, nao uwe mkali.

Mkufu hauhitaji rangi ya dhahabu. Vuta mstari mwembamba wa oka na amba kwa brashi namba 1, uache ukauke, kisha gusa namba 0 yenye nyeupe na oka kwenye pete zinazopokea mwanga tu. Ukichora kila pete unapata kamba ya shanga.

Kindi ana tumbo jeupe na jicho jeusi kubwa kupita kiasi cha mwili wake, na ndani ya jicho kuna nukta moja ya mwanga. Piga manyoya kwa kufuata mwelekeo wa mwili, mistari mifupi, ya giza kwanza. Ubavuni, pale ngozi ya kurukia inapokunjika, weka mstari wa giza kati ya mgongo na tumbo. Bila mstari huo ni panya.

Vanishi na mgongo wa picha

Miezi sita ndiyo kiwango cha chini kabla ya vanishi, na kwa koti na pazia mwaka ni salama zaidi. Sugua pembeni kwa pamba yenye tapentaini kidogo: pamba ikitoka na rangi, bado. Vanishi iwe ya kisasa inayoweza kutolewa, kwani damari hugeuka njano. Laza picha, paka tabaka mbili nyembamba kwa brashi pana, ya pili ikikatana na ya kwanza, kwenye chumba kisicho na feni wala vumbi la barabarani. Picha ikikaa kabatini wakati huo wa kungoja, mafuta yatapata unjano. Mwanga wa dirishani, usio jua kali, huurudisha weupe kwa majuma machache.

Nyuma ya kanvasi andika kwa wino usiofutika: nakala kutoka kwa John Singleton Copley, 1765, kisha jina lako na mwaka wako. Mbele weka jina lako au usiweke kitu. Unapoitundika, gundisha kipande cha kizibo cha unene wa sentimita 1 kwenye kila kona ya chini ya fremu, upepo upite kati ya kanvasi na ukuta. Kwenye nyumba za mawe za pwani, picha iliyobandana na ukuta huota ukungu mgongoni kabla ya masika ya pili.